Kuchagua meno ya bandia Unguja na Pemba: akriliki, nailoni, chuma, daraja au vipandikizi

Anayetaka kutia meno ya bandia huuliza kwanza bei, halafu huuliza kama watu watajua. Yote mawili ni maswali ya haki. Lipo lakini moja linalotangulia, nalo huulizwa mara chache: yakianza kulegea mwakani, nani atayarekebisha, na yuko wapi?

Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa ukilishika huanza kulika. Hulika kwa kasi miezi 6 mpaka 12 ya mwanzo, kisha polepole maisha yote, na taya la chini hupungua takriban mara nne kuliko la juu. Bamba la meno, yaani kile kipande kinachobeba meno ya bandia na kukaa juu ya fizi, halipungui pamoja na mfupa. Kwa hiyo meno yoyote ya bandia, hata aliyoyatengeneza fundi hodari, lazima siku moja yarudi mkononi mwa fundi. Kwa mkaazi wa Micheweni au Makunduchi, aina inayorekebishika karibu na nyumbani huenda ikamfaa kuliko aina ya kifahari ambayo kila ikisumbua ni safari nyingine.

Tumepanga ulinganisho huu kwa hali ya kinywa, si kwa bei. Bei hupanda na kushuka. Hali ya kinywa chako ndiyo inayokata machaguo mengi kabla hujafungua pochi.

Kama bado una meno kadhaa

Hapa ndipo penye machaguo mengi, na ndipo watu wanapokosea zaidi. Aina tatu za kuvaa na kuvua hushindana: ya akriliki, ile plastiki ngumu ya rangi ya fizi, ya nailoni, inayopindika, na yenye kiunzi cha chuma, ambacho aghalabu ni mchanganyiko wa kobalti na kromiamu.

| | Akriliki | Nailoni | Kiunzi cha chuma |
|---|---|---|---|
| Unene kaakaani | kiasi cha milimita 2 | karibu sawa na akriliki | kiasi cha nusu milimita |
| Uzito wa kutafuna hubebwa na | fizi | fizi | meno yaliyobaki, pamoja na fizi |
| Kulabu za kushika meno yaliyobaki | waya, huonekana | rangi ya fizi, hazionekani sana | chuma, huonekana |
| Kuongeza jino baadaye | rahisi | vigumu, mara nyingi ni kutengeneza upya | huwezekana, kutegemea kiunzi |
| Kujaza ndani fizi zikipungua | rahisi | vigumu | huwezekana penye plastiki |
| Bei | ya chini | ya kati | ya juu |

Mstari wa pili wa jedwali hilo, ule wa nini hubeba nguvu ya kutafuna, ndio muhimu kuliko yote. Bamba la akriliki linalokaa juu ya fizi peke yake hudidimia kidogo kila unapotafuna. Ukingo wake hushuka kwenye shina la meno yaliyobaki, hukwangua fizi, na baada ya miaka michache meno yale mazuri uliyoyategemea huanza kutikisika. Kiunzi cha chuma kina vikalio vidogo vinavyoketi kwenye vijishimo ambavyo daktari huvichonga juu ya meno yenyewe. Nguvu ya kutafuna hupita kwenye vikalio hivyo ikaingia kwenye mizizi, na fizi hupumua. Ndiyo maana mwenye meno machache mazima na mapengo nyuma hufaidika sana na chuma, hata kama itambidi asubiri mpaka apate fedha.

Nailoni hupendwa kwa sababu haionyeshi waya na ni nyepesi mdomoni. Sifa hizo ni za kweli. Tatizo ni kuwa nayo hukaa juu ya fizi kama akriliki, na kwa vile hupindika, penye pengo refu la magego hucheza kila unapotafuna, fizi ikauma na mfupa ukazidi kulika. Kulabu zake pana hufunika ukingo wa fizi na kuficha chakula. Tena meno yake hayaungani na nailoni kikemikali. Hushikwa na vitundu tu, na jino likichomoka si kazi ya dakika kumi. Uso wake ukishakwaruzika ni vigumu kuung'arisha tena. Kwa pengo la jino moja au mawili ya mbele, au kwa mtu anayedhurika na akriliki, nailoni inafaa. Kwa upande mzima wa magego, hatuipendekezi.

Usiidharau akriliki kwa kuwa ni ya bei ya chini. Kama meno yako mawili matatu yana mashaka, anza nayo. Jino likitoka, fundi huongeza jingine kwenye bamba lile lile, mara nyingi kwa siku moja. Ukitengeneza kiunzi cha chuma leo, na jino linaloshika kulabu likang'olewa baada ya miezi sita, umepata hasara kubwa. Mpango mzuri kwa wengi ni akriliki mpaka kinywa kitulie, kisha chuma.

Kabla ya kulipia chuma uliza mambo mawili. Kiunzi kitamiminwa hapa hapa au kitapelekwa Dar es Salaam, na kisipokaa sawa nani atabeba gharama ya kukirudia? Kiunzi kilichopinda hakinyooshwi. Huchukuliwa vipimo upya. La pili, kama ngozi yako huwashwa na saa au hereni za bei rahisi, mwambie daktari, kwa sababu huenda ni nikeli, na baadhi ya michanganyiko huwa nayo kidogo.

Tahadhari moja kuhusu bamba dogo la jino moja lisilo na kulabu. Likitoka usingizini huweza kumezwa au kuingia njia ya hewa, na akriliki haionekani vizuri kwenye eksirei. Liwe na kulabu, na livuliwe usiku.

Daraja lisilovuliwa

Daraja hugandishwa kwenye meno mawili ya jirani baada ya kuchongwa milimita 1 hadi 2 kuzunguka. Ganda la jino halioti tena. Kama jirani hao tayari wana viraka vikubwa, kuchongwa kunaweza kuwa na faida kwao. Kama ni wazima, ni hasara kuwachonga kwa ajili ya pengo moja. Chini ya jino la katikati husafishwa kwa uzi maalumu wenye ncha ngumu au kwa kiburashi chembamba, kila siku, maana uzi wa kawaida hauwezi kupenya kutoka juu. Mmoja wa wabebaji akioza, daraja zima huondoka. Penye pengo la mwisho, lisilo na jino nyuma yake, daraja la kawaida si chaguo.

Kama hakikubaki kitu

Juu na chini si sawa, na asiyeambiwa mapema huishia kudhani fundi kamdanganya. Bamba la juu hufunika kaakaa lote, hushikwa na utando mwembamba wa mate, na kingo zake zikiziba vizuri hewa haipiti. La chini lina umbo la herufi U, eneo lake ni karibu nusu ya la juu, na ulimi hulisukuma mchana kutwa. Wengi huzoea la juu kwa wiki mbili tatu, na la chini hulivua kila wakipata faragha.

Kwa sababu hiyo, kama fedha za vipandikizi zinatosha taya moja, ziende chini. Mwaka 2002 wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walikubaliana kuwa kwa asiye na jino hata moja taya la chini, bamba linaloshikwa na vipandikizi viwili ndilo liwe chaguo la kwanza. Bamba hilo bado huvuliwa na kuoshwa. Kinachobadilika ni kuwa halirukiruki. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayoachwa ishikane na mfupa, kwa kawaida kiasi cha miezi 3 chini na mpaka 6 juu. Kisha hufungwa vifungo, na ndani ya bamba huwekwa vipete vya nailoni au mpira. Vipete hivyo huchakaa. Uliza vinapatikana wapi na jina la mtengenezaji wa kipandikizi, uliandike, maana kipete cha kampuni moja hakiingii kwenye kifungo cha nyingine. Mwenye kisukari kisichodhibitiwa, mvutaji sigara, aliyepigwa mionzi ya taya, au anayechomwa sindano za kuimarisha mifupa amwambie daktari kabla ya lolote.

Kuna njia ya katikati ambayo watu hawaiulizi. Kama chonge mbili za chini zina mizizi mizuri, zinaweza kutibiwa, zikakatwa zikabaki fupi, na bamba likakaa juu yake. Mzizi ukiwepo, mfupa hulika polepole zaidi, na bamba hupata pa kuegemea kwa gharama ndogo kuliko kipandikizi. Basi usiseme "ng'oa yote nipumzike" kabla hujauliza kuhusu chonge.

Halafu kuna kuvalishwa bamba siku ile ile ya kung'olewa meno, au kusubiri. Kuvalishwa siku ile kunamfaa mwalimu, muuzaji, au yeyote asiyeweza kukaa kibogoyo mbele ya watu. Saa 24 za mwanzo hulivui, kwa sababu fizi huvimba na huenda lisirudi. Baadaye hulivua na kusukutua kwa maji vuguvugu ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa bilauri. Ndani ya wiki chache litalegea, litajazwa kitu laini kwa muda, na baina ya mwezi wa 6 na wa 12 litajazwa kikamilifu au kutengenezwa jipya. Hesabu gharama hiyo tangu mwanzo. Anayeweza kuvumilia miezi miwili mitatu fizi zipone, hupata bamba linalokaa vizuri zaidi.

Safari tano za vipimo, na ile ya nne ndiyo yako

Bamba kamili la kawaida huchukua takriban safari tano: vipimo vya awali, vipimo vya pili kwa trei iliyotengenezwa kwa taya lako, kupima kwa nta kimo cha uso na jinsi taya zinavyokutana, majaribio ya meno yakiwa bado kwenye nta, kisha kuvalishwa. Anayekuahidi yote kwa ziara mbili ameruka kitu, na mara nyingi kilichorukwa ni hayo majaribio.

Siku ya majaribio nenda na mtu wako wa karibu, na picha ya zamani ukicheka. Nta bado inasogezwa; plastiki ikishaiva haisogezwi. Hesabu kwa sauti kuanzia sitini mpaka sabini: meno yakigongana kwenye S, kimo kimezidi. Sema "fungua" na "vua": ncha za meno ya juu ziguse kidogo mdomo wa chini. Sema "thelathini" na "dhahabu": ncha ya ulimi ipate nafasi bila kusukuma bamba. Anayesoma Qur'ani asome hapo hapo aya anazozijua vizuri, kwa sababu thaa, dhali na dhwaa hutoka ncha ya ulimi ikigusa ncha za meno ya juu, na faa hutoka meno hayo yakigusa ndani ya mdomo wa chini. Meno yakipangwa nyuma mno au mbele mno, herufi hizo ndizo hupotea kwanza. Mwambie fundi, hiyo ni sababu halali ya kuyasogeza.

Baada ya kuvalishwa, rudi siku ya pili na tena baada ya wiki. Kama panauma na ulikuwa umelivua, livae saa chache kabla ya kwenda ili alama nyekundu ionekane, fundi ajue pa kupunguza. Usipunguze mwenyewe kwa tupa wala msasa. Uliza kabla ya kulipa kama ziara hizi zimo ndani ya bei.

Kusafisha: nini kwa nini

Jaza maji nusu beseni au tandika taula chini kabla ya kuanza. Mabamba mengi yaliyovunjika yamevunjikia kwenye sinki, mkononi mwa mtu mwenye sabuni.

Sabuni ya kawaida ya mikono au ya vyombo, maji ya uvuguvugu na mswaki laini hushinda karibu kila kitu kingine, na bei yake haina maelezo. Sugua mara mbili kwa siku, suuza kila baada ya kula. Tilia mkazo upande wa ndani unaogusa fizi, ambao macho hayauoni na ndipo fangasi hukaa. Kulabu zisuguliwe kwa ndani pia. Wengi husafisha meno yanayoonekana yakang'ara, na upande wa kaakaa ukabaki na ukoga wa wiki nzima. Ukipitisha kidole utausikia unavyoteleza.

Dawa ya meno ina chembe za kusugua. Kwa ganda la jino si tatizo, lakini akriliki ni laini zaidi, na nailoni hukwaruzika upesi. Mikwaruzo haionekani, ila rangi ya chai na fangasi huiona. Dawa ya meno iache kwa meno yako mwenyewe yaliyobaki, na iwe na floraidi ya 1,350 hadi 1,500 ppm. Mkaa na majivu hatuna haja ya kuyajadili.

Vidonge vya kutoa povu husaidia, havichukui nafasi ya mswaki. Fuata dakika za pakiti, tumia maji ya uvuguvugu, suuza vizuri, na soma kama vinafaa kwa chuma. Havisukutuliwi mdomoni hata siku moja. Vingi vina kemikali iitwayo pasalfeti, na kuna watu wanaodhurika nayo: fizi kuwaka, ngozi kuwasha, hata kubanwa kifua. Ukiona hivyo, acha na urudi kwenye sabuni.

Siki nyeupe ina kazi moja inayoifanya vizuri. Maji ya visima vyetu vingi hupita kwenye mawe ya chokaa, na pamoja na madini ya mate huacha magaga magumu kwenye bamba, ule utando mweupe uliomo ndani ya birika. Changanya siki na maji sawa kwa sawa, loweka dakika 15 hadi 30, kisha sugua. Mara moja kwa wiki yatosha. Kwenye kiunzi cha chuma tumia dakika chache tu au achana nayo. Usikwangue magaga kwa kisu.

Jiki huua fangasi, lakini ina masharti. Ni kwa akriliki tupu tu: isiyo na chuma, isiyo nailoni, isiyo na bitana laini, lile tabaka la ndani linalotiwa kupoza fizi. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa. Kama ni 3.5%, sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 6 za maji, kwa muda usiozidi dakika 10, halafu suuza sana. Kuiacha usiku kucha hufanya fizi za plastiki kuwa nyeupe na kuidhoofisha. Usichanganye jiki na siki, wala usitie moja kwenye kopo lenye mabaki ya nyingine. Hutoa gesi ya klorini inayoumiza mapafu.

Maji ya kuchemka hupinda akriliki. Hutaona kwa macho, ila halitakaa tena. Na kwa ndugu zetu wa Pemba, ambako mafuta ya karafuu hayakosekani nyumbani: yakipakwa yenyewe bila kuchanganywa huunguza fizi, na yakibaki kwenye plastiki huidhuru. Yanapoza maumivu, kwa hiyo mtu hudhani yametibu, ilhali ukingo wa bamba unaendelea kumchimba.

Kaakaa likiwa jekundu chini ya bamba, hata bila maumivu, au pembe za mdomo zikipasuka, dhani fangasi. Dawa ya kinywa peke yake haitoshi. Bamba lisafishwe na lisivaliwe usiku, ama sivyo utajiambukiza upya kila asubuhi. Anayetumia wofarini ya kuzuia damu kuganda amwambie daktari, kwa sababu jeli ya mikonazoli, dawa ya fangasi wa kinywa, huongeza nguvu ya wofarini mpaka mtu akavuja damu. Kwake nistatini ni salama zaidi.

Usiku: kuvaa au kuvua

Kuvua. Fizi zinahitaji saa kadhaa bila mzigo. Utafiti uliofanywa Japani na kuchapishwa 2015, juu ya wazee 524 wenye miaka 85 na zaidi, ulikuta waliolala na meno yao walipata nimonia zaidi ya mara mbili ya waliovua. Yasafishe, yaweke kwenye bilauri au kopo lenye mfuniko na maji ya kawaida, na maji hayo yabadilishwe kila siku. Akriliki ikikauka hubadilika umbo kidogo. Usiyafunge kwenye kitambaa ukayaweka chini ya mto wa kulalia au mfukoni. Ndivyo yanavyopotea au kukaliwa.

Gundi au kujaza ndani

Gundi ni msaada, si tiba ya bamba lililolegea. Kwenye bamba safi na kavu, vidoto vitatu vidogo vinatosha. Ikifurika pembeni umezidisha. Nunua isiyo na zinki. Zipo kumbukumbu za kitabibu za watu waliotumia gundi yenye zinki kupita kiasi kwa miaka, shaba ikapungua mwilini, wakapata ganzi ya miguu na kushindwa kutembea sawa. Mwenye kumaliza tyubu kwa wiki moja hahitaji tyubu kubwa zaidi. Anahitaji bamba lijazwe.

Kupima ni rahisi. Bonyeza gego la upande mmoja kwa kidole: upande wa pili ukiinuka, mfupa umeshapungua. Kujaza kwa akriliki ngumu hudumu miaka. Bitana laini hupoza fizi nyembamba zinazouma, lakini baadhi hudumu miezi tu, hufyonza fangasi, na husafishwa kwa pamba au mswaki laini mno. Bitana laini za kujitia mwenyewe nyumbani tunazikataa kabisa: zikikaa upande, taya lote huuma upande, na mfupa hulika pale pale penye shinikizo.

Mezani

Mwenye meno kamili ya bandia hutafuna kwa takriban robo ya nguvu ya meno ya asili, au chini ya hapo. Siku za mwanzo ni wali laini, ndizi za nazi, samaki wa kuchemsha. Vipande vidogo, pande zote mbili kwa pamoja ili bamba lisipinduke. Usiume kwa meno ya mbele: embe likatwe, boflo limegwe. Urojo wenyewe hauna neno, ila omba usitiwe chipsi za muhogo, maana vigae vyake huingia chini ya bamba. Mkate wa ufuta hutesa kuliko unavyoonekana. Punje moja ikiingia chini ya bamba la chini huchoma mpaka ulivue. Pweza achemshwe hadi alainike na akatwe kwa ukubwa wa punje ya hindi. Halua hunata na kuinua bamba la chini. Popoo kwenye tambuu ni ngumu kwa meno ya plastiki, na wekundu wake hauondoki kwa sabuni.

Bamba la juu la akriliki huzuia joto lisifike kaakaani. Wiki za mwanzo utakunywa kahawa ukidhani imepoa, ukahisi moto ikiwa tayari kooni. Jaribu kwa mdomo wa nje kwanza. Chuma hupitisha joto, na kwa hilo wengi huona chakula kina ladha zaidi.

Ramadhani mate hupungua, na bamba la juu hutegemea mate, kwa hiyo kulegea alasiri si dalili ya ubovu. Dawa za presha na za usingizi nazo hukausha mdomo. Unaweza kulivua mchana, kulisuuza, na kulirudisha likiwa na unyevu. Kuhusu gundi, ambayo huyeyuka kidogo kidogo, muulize shehe wako kabla ya mwezi kuandama.

Likivunjika

Usitie supagundi. Vipande hushikana vimepinda nywele moja, na baada ya hapo fundi hawezi kuvikutanisha tena. Okota vyote, hata kigae, vifunge kwenye kitambaa chenye maji, vipeleke. Likivunjika katikati kwa urefu bila kuanguka, kuliunga tu hakutoshi: limekuwa likibembea juu ya kaakaa kwa sababu pembeni pamepungua, na litavunjika tena pale pale mpaka lijazwe ndani. Kulabu iliyolegea isikazwe kwa koleo. Chuma huchoka, na mara ya pili au ya tatu hukatika.

Bamba zuri hudumu kiasi cha miaka 5 hadi 10. Ukienda kutengeneza jipya chukua la zamani, hata kama unalichukia, kwa sababu fundi atapima humo kimo na mpangilio ambao misuli yako imeuzoea. Na mwombe aandike jina ndani ya plastiki kabla haijaiva, upande wa ulimi. Wodini, au katika nyumba za wazee kama Sebleni na Welezo, makopo ya meno hufanana, na bamba lisilo na jina likichanganyika halina wa kulitambua ila kwa kulijaribu mdomoni.